Kaimu Hana Figo

Kaimu wangu alirudi kutoka Rungwe Jumamosi saa kumi jioni, akaniambia hataki kwenda tena.

Nilikuwa jikoni namenya viazi. Yeye hakuwa na mwili wakati huo. Gamba alilokwenda nalo alikwisha kulirudisha ofisi ya kata, ambako magamba hufutwa vumbi na kusimamishwa mstari mmoja yakingoja nyuso za watu. Kilichobaki ni sauti, kwenye spika ndogo juu ya friji. Ni sauti yangu, ila ya mimi niliyetulia, na sijawahi kuizoea.

"Shughuli imekwenda salama," alisema, kama asemavyo kila mara. Kisha akaongeza, "Ila leo naomba usome muhtasari wote."

"Nitasoma."

"Umesema hivyo kwa miezi ishirini na miwili, Nyamizi."

Niliweka kisu chini. Kaimu hana kinyongo, kwa hiyo akikwambia neno la namna hiyo huna pa kumshikia.

"Kuna nini?"

"Mama Lusajo ameomba kuigusa figo. Kuigusa hasa, kwa vidole. Mpaka sasa alikuwa anaweka mkono ubavuni kwangu, huku nyuma, akidhani ndipo ilipo. Huweka mkono, akazungumza na mwanawe. Nilikuandikia tangu mwezi wa kwanza nikaomba mwongozo. Hukujibu. Na kanuni inasema mwenye kaimu asipojibu, kaimu aendelee na lile lililokwisha kuzoeleka."

Viazi nilivyobandika baadaye viliungua siku ile. Sikuvikumbuka mpaka moshi uliponifikia sebuleni.

*

Inabidi niseme mimi ni mtu wa namna gani, ingawa sipendi.

Nina cheti. Daktari aliandika: hofu ya watu, daraja la tatu. Kwa lugha ya nyumbani maana yake ni kwamba nikitakiwa kukutana na mtu nisiyemjua, siku tatu kabla yake tumbo linakataa chakula, siku mbili kabla yake naanza kujitungia homa, na siku yenyewe nasimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, miguu isipokee amri. Watu husema ni aibu tu. Aibu naijua, nimezaliwa nayo. Mwenye aibu huinamisha kichwa akapita. Mimi sipiti.

Kwa hiyo makaimu walipoanza kutolewa kwa wenye vyeti, nilikuwa wa nne kuomba. Kaimu hufundishwa kwa siku tisini. Unavaa kifungo kifuani, nacho kinasikiliza unavyosalimia, unavyocheka, unavyokataa chai bila kumuudhi mtu. Baada ya hapo anaweza kwenda kikaoni, harusini, msibani, na jioni akakuletea muhtasari. Gamba analovaa linachukua uso wako. Ngozi yake ina joto la mtu, na anayeshikana nalo mkono hatatambua kitu asipoangalia utepe wa kijani kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Sheria inamkataza kuapa mahakamani na kufunga ndoa, na akiulizwa waziwazi kama yeye ni kaimu, lazima akubali. Utepe ndio kinga ya umma. Waliotunga sheria ile walikuwa na macho wote, hawakufikiria mtu asiyeona.

Mama Lusajo haoni. Alikuwa mkunga kwa miaka arobaini kabla presha ya macho haijamzimia taa. Mwanawe Lusajo alianguka kutoka mnara wa tangi la maji, akiwa na miaka ishirini na tisa, na figo yake moja ikaja kwangu. Nilikuwa nimebakiza wiki, si miezi. Barua ya hospitali ilisema familia haitaki kitu. Ila mama wa marehemu anaomba aliyepewa awe anafika kumsalimu mara moja kwa mwezi, kwa miaka miwili, mpaka siku ya kuondoa msiba. Nilisaini. Mwenye mirija puani husaini chochote.

Nilipopona ndipo nilipoelewa nilichosaini. Nyumba ya ugenini, ukoo mzima wa watu nisiowajua, na mimi katikati natazamwa. Nikamtuma kaimu, nikajiambia ni mara hii tu. Na kila mwezi, muhtasari ulipofika, nilisoma mstari wa kwanza, shughuli imekwenda salama, nikafunga. Sikutaka kujua zaidi. Mtu akijua zaidi atatakiwa kufanya kitu.

*

Jumapili nilisoma. Nilianza baada ya chai, nikamaliza jua likiwa limeshahama dirisha.

Makaimu huandika kama makarani. *Mwezi wa kwanza. Mama alishika mkono wangu dakika nane. Aliuliza kama mtoto amekaa vizuri huko. Nilijibu kwamba figo inafanya kazi vizuri, jambo ambalo ni kweli. Aliweka mkono ubavuni mwa gamba akalia. Baadaye alikula wali. Binti yake anasema hakuwa amekula kwa siku nne. Mama hajui kuwa mimi ni kaimu, na hajauliza. Naomba mwongozo.*

*Mwezi wa tatu. Mama ameanza kunifundisha Kinyakyusa ili Lusajo asikie lugha ya kwao. Naomba mwongozo.*

*Mwezi wa tano. Mama aliomba tuachwe peke yetu. Aliweka mkono ubavuni akamwomba Lusajo msamaha. Siku ile maji yalikatika, mvua ikiwa inanyesha, naye ndiye aliyemtuma mwanawe apande kutazama tangi. Kijana alisema asubiri mvua ikatike. Mama alisema hawezi kukaa bila maji. Hajamwambia mtu mwingine yeyote. Alilia dakika ishirini na tano, kisha akasema sasa ametua mzigo. Naomba mwongozo.*

Nilirudia huo wa tano mara nyingi. Kila muhtasari, isipokuwa wa mwisho, ulimalizika kwa maneno yale mawili, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti hikihiki nikikagua picha za majani ya kahawa. Hiyo ndiyo kazi yangu: kamera zinaruka juu ya mashamba, mimi naangalia jani lipi lina ugonjwa wa kutu. Najua mashamba elfu mbili na simjui mkulima hata mmoja.

Wa mwisho ulieleza lililobadilika. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemfafanulia Mama Lusajo kwamba figo ya kupandikiza haiwekwi mgongoni. Zile mbovu huachwa mahali pake, na mpya hupachikwa mbele, chini tumboni upande wa kulia, karibu kabisa na ngozi. Ukibonyeza utaisikia. *Mama alifurahi sana,* kaimu aliandika. *Alisema mikono yake imetafuta vichwa vya watoto matumboni mwa watu kwa miaka arobaini, haiwezi kukosa figo ya mwanawe. Aliniambia nilale. Nilimwambia mwezi ujao. Ni mara ya kwanza kumpa neno nililojua si kweli. Naomba nisipangiwe tena safari hii.*

"Kaimu anaweza kukataa?" nilimuuliza.

"Sijui niite nini," sauti yangu ilijibu. "Nimeomba tu."

Niliweka kiganja chini ya tumbo, upande wa kulia. Ilikuwepo, ngumu kidogo, ukubwa wa ngumi. Kwa miezi ishirini na miwili figo ile iliahidiwa kwenda kumsalimu mama yake, na kwa miezi ishirini na miwili niliiacha chini ya blanketi hapa Mbeya, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwao.

*

Jumatatu simu iliita mara tatu kutoka namba nisiyoijua. Sikupokea. Ya nne ikaacha ujumbe wa sauti.

"Dada Nyamizi, mimi ni Anyisile, dada yake marehemu Lusajo. Hatujawahi kuonana. Najua anayekuja kwetu si wewe. Niliuona utepe siku ile ya kwanza alipompa mama mkono. Nilitaka kusema. Lakini mama alikuwa hali chakula, dada, hali kabisa, na siku ile alikula. Sasa ningesema nini? Majirani nao wakaona, nikawaomba wanyamaze, wakanyamaza. Sasa mama ameshika neno, anataka kuigusa. Nakuomba kwa heshima. Mtume yule yule aje mara moja aage. Aseme umepata kazi kwenu Tabora, unahama. Mama abaki na alichonacho. Usije ukamuulia mwanawe mara ya pili."

Nakiri kwamba nilifurahi. Niliisikiliza mara mbili kwa furaha ya mtu aliyeachiwa kwa dhamana. Binti mwenyewe amesema nisiende, na anamjua mama yake kuliko mimi. Nikaanza hata kupanga maneno ya kaimu: Tabora, kazi nzuri, Mungu akubariki mama. Nilipofika kwenye Mungu akubariki, nikasita.

Huruma ilikuwa inasema usiende, na woga ulikuwa unasema usiende, vyote viwili kwa maneno yaleyale, na mimi sikuweza kutenganisha sauti. Maisha yangu yote woga wangu umekuwa hodari wa kuazima nguo za wenzake. Ukiazima za adabu, unasema usiwasumbue watu. Ukiazima za unyenyekevu, unasema wewe ni nani hata wakuhitaji. Safari hii uliazima za huruma, na ziliukaa vizuri.

"Wewe unaonaje?" nilimuuliza kaimu.

"Mimi nilifundishwa kwako," alisema. "Kwa hiyo naona unachoona wewe, na palipo na giza kwako, kwangu pia kuna giza. Uliza mtu mwingine."

"Sina mtu mwingine."

Hakujibu. Hilo nalo alifundishwa kwangu.

Kilichoniamulia ni ule mwezi wa tano. Kama ingekuwa faraja tu, labda ningemwachia. Watu wengi wanaishi kwa faraja isiyo na mizizi na wanaishi vizuri. Lakini mama yule alikuwa ametoa jambo zito kuliko yote aliyokuwa nayo, akalikabidhi kwa kitu kisicho na damu, nacho kikaliandika kikaniletea, na mimi sikufungua. Kama nikimuaga kupitia kaimu, siri ile itabaki imewekwa mahali pasipo na mtu mpaka atakapokufa. Nilimwandikia Anyisile: nitakuja mwenyewe Jumamosi.

Jibu lilikuja baada ya saa mbili. "Basi ujue la kumwambia."

*

Tangu Jumatano sikula. Alhamisi nilijipima joto mara tano, nikisikitika kila mara kuliona liko sawa. Jumamosi asubuhi nilisimama mlangoni kwa dakika arobaini. Kaimu alikuwa ameniitia gari lisilo na dereva, maana anajua kwamba dereva ningelazimika kumsalimu, nalo liliningoja nje taa zikiwaka bila kulalamika. Mwishowe nilivaa kiatu cha pili kwa hasira, nikiwaza kwamba Lusajo aliambiwa apande akapanda.

Gari lilikomea lami inapoishia. Kutoka hapo ni njia ya miguu kati ya migomba, ardhi nyeusi, umande bado haujakauka. Nilikuwa nimejiandaa kwa wageni. Sikuwa nimejiandaa kwa watu wanaonijua.

Mzee mmoja aliyebeba mundu alinyanyua kofia akanisalimu. "Nyamizi, ugonile?" Wanawake wawili kisimani waliniita kwa jina, mmoja akaniuliza jambo kwa Kinyakyusa, akacheka akingoja nimjibu. Kumbe kuna utani waliouacha njiani wiki iliyopita, yeye na uso wangu. Mimi sijui Kinyakyusa. Nilisimama pale, nikajua nikigeuka nyuma sasa hivi hakuna atakayenilaumu ila mimi.

Yule mwanamke alinitazama usoni, kisha akatazama mkono wangu wa kulia. Hakuona utepe. Kicheko kilimwisha.

"Kumbe leo umekuja wewe," alisema kwa Kiswahili, taratibu.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nenda moja kwa moja, halafu kushoto penye geti la bati." Aliniangalia tena. "Pole, mwanangu." Sikujua ananipa pole ya nini.

Anyisile alikuwa getini, mikono kifuani. Ni mwanamke mrefu, wa rika langu, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Hakunipa mkono.

"Umefanana naye kabisa," alisema, "ila wewe unatetemeka."

*

Sebuleni walikuwemo wanawake watatu wa ukoo, wakichambua maharage ya kuweka akiba kwa siku ya kuondoa msiba. Mama Lusajo alikaa kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha, mdogo wa mwili, kilemba cheupe, mikono mikubwa kuliko inavyomstahili. Kabla sijafika katikati ya chumba aliinua uso.

"Huyo hatembei kama Nyamizi."

Wanawake waliacha kuchambua.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Sauti ndiyo." Alinyoosha mkono, nikaushika kwa yote yangu miwili. Alilipima jasho la kiganja changu kwa kidole gumba, akapanda mpaka kwenye kifundo, akatulia hapo. Kisha alisema jambo refu kidogo kwa Kinyakyusa, na mwisho wake kulikuwa na swali.

Sikuelewa hata neno. Nilisikia mmoja wa wale wanawake akivuta pumzi.

"Mkono huu ni mgeni," Mama Lusajo alisema. "Wewe ni nani?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Njia nzima niliirudia. Yote ilipotea, nikabaki na maneno machache.

"Mimi ndiye Nyamizi, mama. Aliyekuwa anakuja ni kaimu wangu. Ni kitu kilichovaa sura yangu. Hakina damu, hakina figo. Niliogopa kuja. Nimekuwa nikiogopa miezi yote hii, na kila ulipokuwa unazungumza na Lusajo, Lusajo hakuwepo. Alikuwa na mimi Mbeya."

Aliuachia mkono wangu. Hakuutupa, aliurudisha kwangu pole pole, akaiweka mikono yake mapajani.

"Anyisile."

"Abee, mama."

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na hawa?"

Mmoja wa wanawake alikohoa. Hilo lilimtosha.

"Kijiji kizima mnaniangalia nikiongea na sanamu," Mama Lusajo alisema. "Mnachambua maharage." Kisha sauti yake ikashuka chini sana. "Uliogopa nini, wewe? Mimi kikongwe, sioni, ningekufanya nini?"

"Sijui, mama. Hata nyumbani sijui. Ni kama miguu si yangu."

"Mwanangu ulimbeba ukamficha."

"Ndiyo, mama."

Nililia hapo, na nilichukia kulia mbele ya watu, na sikuweza kuacha. Nilisema nitaondoka, asamehe, nisiwe nimemharibia shughuli.

"Sijakwambia uondoke," alisema. "Nimezalisha wanawake miaka arobaini. Mkunga hashiki tumbo la mtu akiwa na hasira. Mkono unakuwa mgumu, na tumbo linajua. Mimi sasa hivi nina hasira. Sijui itaisha lini. Utakaa hapa mpaka iishe. Mpeni maharage achambue."

*

Sijui kama alikusudia iwe adhabu. Kwangu ilikuwa kubwa kuliko kama angenipiga. Nilikaa kwenye mkeka kati ya wanawake watatu nisiowajua wanaonijua, sinia mapajani, wakaanza kuniuliza. Wazazi wako wapi. Ukoo gani. Huko Tabora mnakula nini. Mbona huna mume, au naye umemtumia kaimu. Walicheka kwa hilo, kisha wakajiona wamecheka msibani, wakanyamaza. Nilijibu kwa neno mojamoja. Kuna wakati nilitoka nikatapika nyuma ya migomba, na niliponyanyua kichwa Anyisile alikuwa amesimama na kikombe cha maji.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Nilidhani ni maringo."

"Watu wengi hudhani hivyo."

"Kunywa." Alingoja nimalize. "Bado nimekukasirikia."

"Najua."

Mchana Mama Lusajo aliwatoa wote, akabaki na mimi. Alisogeza kiti mpaka magoti yetu yakakaribiana.

"Kuna jambo nilimwambia mwanangu, tukiwa peke yetu. Yule kaimu wako alikuletea?"

"Aliliandika, mama. Nimelisoma Jumapili iliyopita. Kabla ya hapo sikusoma chochote."

"Liseme."

Ningetoa chochote nisiliseme. "Ulimtuma atazame tangi. Akasema asubiri mvua."

Uso wake haukubadilika, ila mikono ilianza kupapasa nguo. "Nani mwingine analijua?"

"Hakuna."

"Nilidhani nimetua," alisema. "Miezi yote hii nalala vizuri, nikisema mtoto amesikia, hakunijibu vibaya, basi amenisamehe. Kumbe limelala kwenye makaratasi yako." Aligeuza uso dirishani. "Na wewe umesoma tu. Kusoma si kusikia."

Nilitaka kumwambia pole, nikaona ni neno dogo. Tulikaa hivyo mpaka kahawa ilipoletwa. Hakuniambia nitoke na sikutoka. Jioni alikula kidogo, nami nilikula kidogo, na nilitandikiwa mkeka chumbani kwa Anyisile, ambaye alinigeuzia mgongo lakini akanigawia blanketi.

*

Asubuhi, kabla ya chai, Mama Lusajo aliniita chumbani kwake. Alikuwa amenawa mikono kwa maji ya moto. Alikuwa anaisugua ipate joto.

"Lala chali. Kunja magoti. Legeza tumbo, pumua kwa mdomo."

Nililala. Nilifungua kanga kiunoni. Hakuna mtu aliyewahi kunigusa pale ila madaktari. Vidole vyake vilianzia kitovuni, vikashuka upande wa kulia bila haraka, vikizama kidogo na kuinuka, na nilijikuta nikipumua alivyosema. Kwenye kovu vilisita. Vikashuka kidole kimoja zaidi, na hapo vikasimama.

Hakuita jina. Nilikuwa nimengoja aite jina. Aliizunguka pande zote kwa ncha za vidole, kama anayetaka kujua mtoto amelala upande gani, kisha akatandaza kiganja chote juu yake na kukiacha.

"Unakojoa vizuri?" aliuliza.

"Vizuri, mama."

"Rangi yake?"

"Njano kidogo."

"Unywe maji zaidi. Anafanya kazi ngumu kwenye mwili wa ugenini." Kiganja alikiacha palepale. "Mwanangu alikuwa mvivu, Nyamizi. Ukimtuma mara moja haendi. Mpaka umkemee."

Aliinua sauti. "Anyisile, njoo huku."

Anyisile aliingia akijifuta mikono, akatuona, akasimama mlangoni. Nilitaka kujifunika. Nilijua sasa kinakuja nini, na nilijua ni jambo la ndani kabisa la watu hawa wawili, na kwamba mtu mwenye adabu angenyanyuka akawapisha. Miguu yangu yenyewe ilikwisha kuanza kujikusanya.

"Kaa chini, mwanangu," Mama Lusajo alimwambia binti yake. "Siku ile maji yalikatika. Kaka yako hakupanda kwa kupenda kwake."

Anyisile alikaa sakafuni, taratibu, akiegemea mlango. Mama alisema yote, tangu ndoo tupu mpaka mvua, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie. Alisita mara mbili katikati, na kila aliposita kiganja chake kilinilemea zaidi tumboni, mpaka figo ikaanza kuuma. Nilitamani sana kuondoka. Nililegeza tumbo kama alivyonifundisha, nikakaa.